Uzi: Tower Hamlets, "ngome" ya Labour mashariki mwa London. Ni nani wameiangusha tangu 1964, na kwa hoja gani?

Mtoa mada

Wanajukwaa, salaam.

Katika ule uzi wa serikali za mitaa, mchangiaji mmoja alidai kwamba mashariki mwa London hata jiwe likisimamishwa kwa tiketi ya Labour litapita. Kwa baadhi ya manispaa dai hilo lina ukweli wake: Newham ilichagua madiwani wa Labour watupu, viti vyote 60, mwaka 2010 na ikarudia vivyo hivyo mwaka 2014. Lakini ukivuka mto Lea kuelekea magharibi unaingia Tower Hamlets, na hapo hadithi inageuka. Tangu 1986 Labour imenyang'anywa manispaa hiyo mara tatu: na Waliberali mwaka 1986, na meya aliyegombea bila chama mwaka 2010, na chama kidogo cha Aspire mwaka 2022. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba kila mara aliyeiangusha Labour alikuwa amejipanga mtaa kwa mtaa juu ya nyumba na huduma za halmashauri, na kwamba Labour iliporudi madarakani ilirudi zaidi kwa sababu mpinzani wake alikuwa amesambaratika kuliko kwa sababu yenyewe ilikuwa imejirekebisha.

Tuanzie kwenye mizizi. Sheria ya Serikali ya London ya mwaka 1963 iliunganisha manispaa tatu za zamani, yaani Bethnal Green, Poplar na Stepney, zikawa Tower Hamlets. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Mei 1964, na halmashauri mpya ikaanza kazi rasmi Aprili 1965. Kila moja ya manispaa hizo tatu ilikuja na tabia yake. Bethnal Green ilikuwa na kumbukumbu ndefu ya Waliberali, kwani Percy Harris aliwakilisha sehemu yake bungeni kwa tiketi ya chama hicho tangu 1922 hadi 1945. Stepney ilikuwa na Wakomunisti wenye nguvu ya kweli mitaani, kiasi kwamba mwaka 1945 jimbo la Mile End lilimpeleka bungeni Mkomunisti, Phil Piratin.

Poplar inastahili aya yake. Labour iliichukua mwaka 1919, na George Lansbury akawa meya wa kwanza wa chama hicho pale. Mwaka 1921 madiwani walikataa kukusanya fedha za kupeleka kwenye vyombo vya London nzima, wakisema si haki manispaa maskini, yenye watu wengi wasio na kazi, ibebe mzigo wa maskini wake peke yake huku manispaa za matajiri zikilipa kidogo. Madiwani 30 wakafungwa, wanaume Brixton na wanawake Holloway. Kilichofuata hakina mfano wake: kikao cha halmashauri kilifanyika ndani ya gereza la Brixton, na madiwani wanawake wakaletwa kwa gari kutoka Holloway ili wahudhurie. Baada ya wiki takriban sita wakaachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama za maskini kati ya manispaa zote za London. Minnie Lansbury, mkwe wa George Lansbury na diwani wa ngazi ya juu aliyefungwa naye, alifariki siku ya mwaka mpya wa 1922 akiwa kijana bado. Ninalitaja hili kwa sababu Labour ya eneo hili ilijengwa juu ya kumbukumbu ya madiwani waliokwenda jela kwa ajili ya watu wao, na chama kinachoanza hivyo huona shida kuamini kwamba watu hao hao wanaweza kukichoka.

Matokeo ya 1964 yalikuwa kama yalivyotarajiwa: Labour karibu viti vyote, na Wakomunisti wachache pembeni. Kwa miaka mingi upinzani wa maana haukuwepo, na uteuzi wa mgombea ndani ya chama ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe.

Hapa nieleze utaratibu wa kupiga kura, maana bila huo tarakimu zitakazofuata hazitaeleweka. Manispaa za London huchagua madiwani wote kwa mpigo, kila baada ya miaka minne. Kata nyingi zina madiwani wawili au watatu, na mpiga kura anaweka alama kwa idadi hiyo hiyo ya wagombea. Wanaoongoza wanachukua viti. Maana yake ni kwamba chama chenye hata chini ya nusu ya mapenzi ya kata kinaweza kuondoka na viti vyote vitatu, wapinzani wakigawanyika, na tofauti ndogo ya kura ikienea kata nyingi huzaa tofauti kubwa ya viti. Utaratibu huu ndio unaojenga "ngome", na ndio huo huo unaozibomoa kwa usiku mmoja.

Waliberali walianza kupenya mwaka 1978. Walikuwa na mbinu moja waliyoing'ang'ania: karatasi ya habari mlango kwa mlango mwaka mzima, ikizungumzia lifti mbovu, takataka na foleni ya nyumba. Wakati huo sehemu kubwa sana ya wakazi wa Tower Hamlets walikuwa wapangaji wa halmashauri, kwa hiyo aliyeongoza halmashauri ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wao. Mwaka 1986 muungano wa Waliberali na chama cha Social Democrats ulipata viti 26 dhidi ya 24 vya Labour. Mwaka 1990, wakiwa sasa Liberal Democrats, wakaongeza hadi 30 dhidi ya 20.

Walichofanya madarakani kilikuwa cha ujasiri, tukubali au tusikubali. Waliigawa manispaa katika vitongoji saba, kila kimoja na kamati yake ya madiwani, bajeti yake na ofisi zake, na ramani na mabango ya mitaani yakabadilishwa kufuata mipaka hiyo. Kwa kuwa kamati ya kitongoji iliundwa na madiwani wa kata za hapo, Labour ilibaki ikiongoza baadhi ya vitongoji, kikiwemo Isle of Dogs, ingawa ilikuwa imeshindwa manispaa nzima. Jambo hilo litakuwa na maana tutakapofika 1993.

Suala la nyumba ndilo lililochafua hewa. Wahamiaji kutoka Sylhet, Bangladesh, walikuwa wameanza kuleta familia zao, na wengi waliishi katika msongamano mkubwa Spitalfields na Whitechapel. Mwaka 1987 halmashauri ya Waliberali ilitoa msimamo kwamba baadhi ya familia hizo zilikuwa zimejifanya zisizo na makazi kwa makusudi, kwa kuwa ziliacha nyumba zao Bangladesh, na kwa hiyo manispaa haikuwa na wajibu wa kuzipa makazi. Kesi zikafika mahakamani. Sambamba na hayo kukawa na mpango wa kuwapa kipaumbele watoto wa wakazi wa zamani, mpango ambao kwa maneno haukumtaja mtu kwa rangi yake, lakini kila mtu pale alijua watoto wa nani walikuwa wakizungumzwa.

Nisimame kidogo kwenye tarehe moja: 4 Mei 1978. Siku hiyo ilikuwa ya uchaguzi wa halmashauri, na chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa na wagombea. Jioni, Altab Ali, kijana Mbengali aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo, alichomwa kisu na vijana watatu katika mtaa wa Adler alipokuwa akirudi kutoka kazini, akafa. Siku kumi baadaye maelfu ya watu, wanaokadiriwa kufika 7,000, walitembea nyuma ya jeneza lake hadi Downing Street, makao ya waziri mkuu. Bustani iliyo karibu na mahali alipouawa inaitwa kwa jina lake tangu 1998. Vijana wa maandamano yale ndio walioingia katika siasa za manispaa miaka ya themanini. Madiwani wa kwanza wenye asili ya Bangladesh walichaguliwa mwaka 1982, na mmoja wao, Nurul Huque, alishinda Spitalfields bila chama. Wahamiaji hawa, kwa maneno mengine, walijifunza mapema kwamba kiti kinaweza kupatikana bila kibali cha Labour. Anayeshangazwa na 2010 na 2022 angeanza kusoma hapo.

Sasa 1993. Kata ya Millwall iko Isle of Dogs, pale mto Thames unapojikunja. Bandari za hapo zilifungwa mwaka 1980, na miaka kumi na moja baadaye mnara wa Canary Wharf ukawa umesimama juu ya vichwa vya watu waliokuwa hawana kazi. Diwani alijiuzulu, ukaitishwa uchaguzi mdogo tarehe 16 Septemba 1993. Matokeo: Derek Beackon wa British National Party kura 1,480, mgombea wa Labour kura 1,473, mgombea wa Liberal Democrats kura 1,284. Kura saba. Kilikuwa kiti cha kwanza cha udiwani ambacho chama hicho kilipata nchini Uingereza. Wapinzani wawili kwa pamoja walikuwa na kura karibu mara mbili ya zake, lakini walikuwa wakigombana wao kwa wao juu ya nani alaumiwe kwa nyumba: Labour iliongoza kitongoji, Liberal Democrats waliongoza manispaa. Makao makuu ya Liberal Democrats yaliunda tume chini ya Lord Lester kuchunguza vipeperushi vya chama chao wenyewe katika manispaa hiyo, na tume hiyo ilikosoa vikali namna suala la rangi lilivyotumiwa.

Miezi minane baadaye, Mei 1994, Beackon aliongeza kura zake hadi zaidi ya 2,000, na bado akashindwa. Watu waliojitokeza walikuwa wengi zaidi sana, na Labour ikabeba viti vyote vitatu vya Millwall. Manispaa nzima ikarudi Labour kwa viti 43 dhidi ya 7. Ndiyo maana nasema walirudi kwa kuanguka kwa mwenzao: hofu ya British National Party na aibu ya vipeperushi ndivyo vilivyowaua Liberal Democrats. Vitongoji saba vikafutwa.

Nitaendelea na sehemu ya Respect na umeya baada ya kusikia maswali.

Karani Mstaafu

Ahsante, mtoa mada, kwa maelezo yaliyotulia. Nina swali moja la msingi. Umeeleza kwamba wahamiaji wa Bangladesh waliingia haraka katika siasa za halmashauri. Je, walilazimika kwanza kuchukua uraia wa Uingereza, au kulikuwa na njia nyingine? Kwetu mgeni hata asogee karibu na kituo cha kupigia kura ataulizwa kitambulisho cha uraia.

Mtoa mada

Ndugu Karani, swali zuri. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kupiga kura katika chaguzi zote za huko, za Bunge na za halmashauri, bila kubadili uraia. Bangladesh imo, na sisi pia tumo: Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi Tower Hamlets anaweza kujiandikisha na kumchagua meya. Mkongo na Mrundi hawana haki hiyo kwa sababu nchi zao haziko katika Jumuiya hiyo. Kwa mujibu wa sensa ya 2021, wenye asili ya Bangladesh ni takriban asilimia 35 ya wakazi wa manispaa, ambao jumla yao ni kama 310,000. Hakuna manispaa nyingine Uingereza yenye uwiano mkubwa hivyo wa jamii hiyo. Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba Wabengali hupiga kura kama mtu mmoja. Karibu kila uchaguzi mkubwa tangu 2010 umekuwa na wagombea wenye asili hiyo wakipambana wao kwa wao.

Pwani ya Kusini

Mkuu, tusikawie. Tufikishe kwa Lutfur Rahman, huyo ndiye wengi tunamsubiri.

Mtoa mada

Nafika, lakini mlango wake ulifunguliwa na mwingine. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, wapiga kura Waislamu wa Tower Hamlets walikasirishwa na serikali ya Labour. Katika uchaguzi mkuu wa 2005 George Galloway, akisimama na chama kipya cha Respect, alimwangusha Oona King wa Labour katika jimbo la Bethnal Green and Bow kwa tofauti ya kura 823. Mwaka uliofuata Respect ilipata viti 12 vya udiwani; Labour ilibaki na 26 kati ya 51, yaani ilinusurika kwa kiti kimoja. Respect ilikufa haraka, madiwani wake wakahama huku na kule, na mwaka 2010 ilibakiwa na diwani mmoja. Lakini iliacha jambo moja kubwa nyuma yake: ilikuwa mbele katika kudai kura ya maoni juu ya kuwa na meya anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Kura hiyo ilipigwa Mei 2010, siku moja na uchaguzi mkuu, na takriban asilimia 60 wakasema ndiyo.

Meya wa namna hiyo si yule wa mkufu shingoni na kukata utepe. Ndiye anayeshika utendaji. Anateua baraza lake, anapanga bajeti, na madiwani hawawezi kuibadilisha bajeti hiyo bila theluthi mbili ya kura zao. Kwa hiyo mwenye umeya anaweza kuongoza manispaa hata kama madiwani wengi ni wa chama kingine.

Lutfur Rahman alikuwa kiongozi wa halmashauri kwa tiketi ya Labour tangu 2008 hadi 2010. Wanachama wa Labour walimchagua agombee umeya. Wiki chache kabla ya uchaguzi, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama ikamwondoa kutokana na tuhuma zilizopelekwa dhidi yake, na kumweka Helal Abbas, ambaye kwenye kura za wanachama alikuwa ameshindwa. Wasomaji wa jukwaa hili hawahitaji kuelezwa nini hutokea makao makuu yanapokata jina la aliyeongoza kura za maoni. Tarehe 21 Oktoba 2010 Rahman alisimama bila chama, akapata kura 23,283. Abbas akapata 11,254. Alivuka nusu katika duru ya kwanza. Waliojitokeza walikuwa takriban robo tu ya walioandikishwa, na katika uchaguzi wa watu wachache kiasi hicho, mwenye watu wa kubisha hodi mlango kwa mlango humshinda mwenye nembo.

Mgeni wa Poplar

Naomba niongeze kidogo kuhusu 2014, kwa kuwa nilikuwa naishi huko. Siku ile, 22 Mei, mpiga kura alipewa karatasi tatu kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Bunge la Ulaya, ndefu kama kitenge, na alama moja tu. Ya pili ya meya, yenye safu mbili, moja ya chaguo la kwanza na nyingine ya chaguo la pili, lililohesabiwa pale ambapo hakuna aliyevuka nusu. Ya tatu ya madiwani, ambapo kwenye kata yetu uliruhusiwa alama hadi tatu. Niliwaona wazee wakitoka kibandani na kurudi kuuliza. Nje, kabla hujafika mlangoni, ulipita katikati ya wafuasi waliopanga mstari pande zote mbili, kila mmoja akikupa karatasi na kukuita kaka au mjomba, na kila kituo kilikuwa na polisi. Kura zilihesabiwa Troxy, jumba la zamani la sinema katika barabara ya Commercial. Matokeo ya meya yalitoka usiku wa kuamkia Jumamosi, ya madiwani yakaendelea kuchelewa, na Jumapili matokeo ya London nzima ya Bunge la Ulaya yakasubiri Tower Hamlets. Rahman alishinda baada ya kuhesabiwa chaguo la pili, 37,395 dhidi ya 34,143 za John Biggs wa Labour. Chama alichokiunda, Tower Hamlets First, kilipata viti 18, Labour 22, Conservative 5.

Mwanasheria Kivuli

Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe. Hukumu ya Aprili 2015 iliyomvua Rahman umeya imenisumbua tangu niliposoma muhtasari wake. Mtu mmoja, wakili aliyeteuliwa kuwa kamishna wa uchaguzi, anaketi bila wazee wa baraza, anafuta kura za watu zaidi ya 37,000, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba maimamu waliwashinikiza waumini kiroho. Sheria ya shinikizo la kiroho ilitungwa karne ya 19 kwa ajili ya mapadri wa Ireland. Je, kuifufua dhidi ya Waislamu wa Whitechapel hakunuki ukoloni?

Mtoa mada

Ndugu Mwanasheria, nakubaliana nawe nusu. Tutenganishe mambo.

Kwanza, utaratibu. Kesi haikufunguliwa na serikali wala na Labour. Ilifunguliwa na wapiga kura wanne wa kawaida, ndani ya siku 21 kama sheria inavyotaka, kwa gharama na hatari yao wenyewe. Kamishna Richard Mawrey alitumia kiwango cha ushahidi cha jinai. Aliona kwamba kulikuwa na watu kupiga kura kwa majina ya wengine, udanganyifu katika kura za posta, watu kuandikishwa katika anwani wasizoishi, kauli za uongo zilizomwita Biggs mbaguzi wa rangi, wapiga debe waliolipwa kinyume cha sheria, na ruzuku za halmashauri zilizotumika kama rushwa. Hilo la ruzuku ndilo zito kuliko yote kwa maoni yangu, na lilikuwa limekwisha kuonekana kwingine: tangu Desemba 2014, baada ya ukaguzi wa kampuni ya PwC, serikali kuu ilikuwa imepeleka makamishna kusimamia utoaji wa fedha hizo. Ukiondoa hoja ya kiroho kabisa, hukumu inabaki imesimama.

Pili, hoja ya kiroho. Ilitokana na barua iliyotiwa saini na maimamu na wanazuoni 101, ikachapishwa katika gazeti la Kibengali siku chache kabla ya kura. Hapa mimi pia nasita. Maaskofu wa Uingereza hutoa nyaraka kabla ya uchaguzi na hakuna anayeshitakiwa. Barua ile ilihimiza, lakini kuhimiza na kutishia ni vitu viwili, na sikushawishika kwamba mpaka ulivukwa. Hata hivyo Bunge halikuifuta hoja hiyo; sheria ya uchaguzi ya 2022 iliandika upya kifungu cha shinikizo na madhara ya kiroho yakabaki ndani yake.

Rahman alizuiwa kugombea kwa miaka mitano, akaagizwa kulipa gharama, akafilisika, na mwaka 2017 akafutwa kwenye orodha ya mawakili. Kwa upande mwingine polisi walichunguza na hakufunguliwa mashitaka ya jinai, jambo ambalo wafuasi wake hulitaja hadi leo, na wana haki ya kulitaja.

Karani Mstaafu

Basi Labour ikarudi tena bila jasho?

Mtoa mada

Kwa jasho kidogo. Uchaguzi wa marudio wa 11 Juni 2015 Biggs alimshinda Rabina Khan, aliyeungwa mkono na Rahman, kwa 32,754 dhidi ya 26,384. Tazama tarakimu hiyo ya pili: mahakama ilikuwa imemwondoa kiongozi na chama chake kikafutwa kwenye daftari la vyama, na bado watu zaidi ya 26,000 wakamchagua mgombea wake. Mwaka 2018 kundi hilo likagawanyika, Rabina Khan upande wake na Aspire upande mwingine, na Labour ikazoa viti 42 kati ya 45. Viongozi wa Labour wakazisoma 42 hizo kama mapenzi ya wananchi. Zilikuwa hesabu ya mgawanyiko, kama nilivyoeleza kuhusu kata za viti vitatu.

Miaka mitano ikaisha. Mei 2022 Rahman akarudi na Aspire, iliyokuwa sasa kundi moja. Biggs alikuwa ameudhi watu kwa kufunga baadhi ya barabara za Bethnal Green ili kupunguza magari, na Rahman akaahidi kuzifungua, kujenga nyumba na kupunguzia familia makali ya maisha. Duru ya mwisho ilikuwa 40,804 dhidi ya 33,487. Aspire ikapata viti 24, Labour 19, Conservative kimoja na chama cha Kijani kimoja. Madiwani wote 24 wa Aspire walikuwa wanaume, dosari ambayo hakuna ushindi unaoifunika. Lakini mwaka 2023 manispaa hiyo ikawa ya kwanza nchini kuwapa wanafunzi wote wa sekondari chakula cha mchana bure, na mpiga kura mwenye watoto watatu huona hilo kabla ya kuona hukumu ya mahakama. Serikali kuu nayo ilituma wakaguzi tena mwaka 2024, na baada ya ripoti yao ikateua wajumbe wa kusimamia marekebisho.

Pwani ya Kusini

Nimesikia kwamba utaratibu wa chaguo la pili kwa meya umefutwa. Je, hilo halitampa Labour nafuu, au kinyume chake?

Mtoa mada

Ulifutwa na sheria ile ile ya uchaguzi ya 2022 kwa chaguzi za kuanzia 2023, sambamba na kuwalazimisha wapiga kura wa Uingereza kuonyesha kitambulisho chenye picha kituoni, sharti ambalo mjadala wake ulichochewa kwa sehemu kubwa na yaliyotokea Tower Hamlets. Kuhusu nafuu, tazama chaguzi tano za umeya zilizofanyika hadi 2022. Mwaka 2010 chaguo la pili halikuhitajika. Mwaka 2014 Rahman alikuwa akiongoza tangu duru ya kwanza, 36,539 dhidi ya 27,643. Mwaka 2015 na 2018 Biggs aliongoza tangu mwanzo, na mwaka 2022 Rahman vivyo hivyo, 39,533 dhidi ya 27,894. Hakuna hata mara moja ambapo chaguo la pili lilibadilisha mshindi. Kila mara lilipunguza tu tofauti au kuiongeza. Anayetaka kuichukua manispaa hiyo atalazimika kupata kura za kwanza, na hizo hutafutwa mlangoni.